Nina kurasa 14 kuhusu homa ya dengi na dakika 10 za kuzungumza: nipangeje hotuba yangu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, niko Mbagala. Jumamosi ya wiki ijayo kuna mkutano wa mtaa na nimepewa dakika 10 za kuwaelimisha wakazi kuhusu homa ya dengi. Nimeshajaza kurasa 14 za daftari. Mara iliyopita nilizungumzia kipindupindu. Muda uliniishia nikiwa katikati, na maswali yalipoanza niliona watu hawakushika kitu. Naomba unielekeze namna ya kuipanga hotuba tangu mwanzo.

Jibu: Marahaba, dada. Kurasa 14 zinaonyesha kwamba cha kusema unacho. Kinachokusumbua ni kwamba daftari limepangwa kwa mfuatano uliokusanyia habari, na mfuatano huo haumsaidii mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe akikusikiliza. Anayesoma akipotea hurudisha macho juu ya ukurasa. Anayesikiliza hana pa kurudi. Bodaboda ikipita wakati unasema sentensi muhimu, sentensi hiyo kwake haikusemwa. Ndiyo maana hotuba ya kuarifu inataka hoja chache, njia inayoonekana tangu mbali, na kurudia kwa makusudi.

Weka daftari pembeni kwa sasa. Chukua karatasi tupu uandike mistari miwili tu.

Mstari wa kwanza ni lengo. Jiulize: mkutano ukimalizika, mkazi aweze kufanya nini ambacho asubuhi yake hakukiweza? "Kuwaelimisha wakazi kuhusu dengi" halifai kuwa lengo, maana hutajua kama umelifikia. Andika hivi: "Mkazi aweze kutaja vyombo vya nyumbani kwake ambamo mbu wa dengi huzaliana, aseme mbu huyo huuma wakati gani, na ajue la kufanya homa ikimshika." Hilo linapimika. Ukimsimamisha mama mmoja baada ya mkutano ukamuuliza, utajua papo hapo kama kazi imefanyika.

Mstari wa pili ni wazo kuu: sentensi moja kamili inayobeba hotuba nzima. Wengi huandika "Leo nitazungumzia homa ya dengi." Hiyo inataja mada lakini haisemi chochote juu yake. Jaribu hii: "Mbu wa dengi huzaliana kwenye vyombo vya maji vya nyumbani kwetu, huuma mchana, na homa anayoileta haitibiwi kama malaria." Angalia sentensi hiyo ina vipande vingapi. Vitatu, na hivyo ndivyo hoja zako kuu. Wazo kuu likiandikwa vizuri, mgawanyo wa hotuba unakuwa umeshajitokeza wenyewe. Likikataa kukaa kwenye sentensi moja, ujue una hotuba mbili na inabidi uchague moja.

Kwa dakika 10, hoja tatu zinatosha, na mbili hazina ubaya. Nne ni nyingi kwa watu waliokaa nje kwenye joto la Dar, na tano zitakuishia katikati kama siku ya kipindupindu.

Sasa rudi kwenye daftari ukiwa na penseli. Pitia kila mstari na pembeni yake andika 1, 2, 3 au sifuri. Moja ni habari ya mazalia, mbili ni ya kuuma, tatu ni ya mgonjwa. Sifuri ni kila kisichoingia chini ya wazo kuu, hata kama ni kizuri na ulihangaika kukipata. Kwamba virusi vya dengi viko vya aina nne, kwamba Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, kwamba watu wengine huuita ugonjwa huu kidingapopo: yote ni kweli, na karibu yote yatapata sifuri. Usiyatupe. Yahamishie kwenye karatasi ya maswali utakayokuwa nayo mfukoni. Mtu akiuliza, "Mimi niliugua kipindi kile, si nimeshapata kinga?" hapo ndipo aina nne zitakapokufaa: kupona aina moja hakukukingi na nyingine tatu. Ukiziingiza kwenye hotuba yenyewe zitakula sekunde 40 na hazitamsaidia mtu kusafisha pipa.

Ukishachuja, chagua mpangilio wa hoja. Hotuba ya kuarifu hupangwa kwa njia chache zinazojulikana, na mada yenyewe hukuelekeza uchukue ipi. Ya kwanza ni kufuata wakati. Anayeeleza historia ya jiji hili angeanzia miaka ya 1860 Sultani Majid alipoanza kujenga, aje 1891 Wajerumani walipohamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo, kisha 1973 ulipopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Ya pili ni kufuata mahali: anayeeleza Mto Msimbazi hushuka nao kutoka vilima vya upande wa Pugu, akapita Jangwani hadi unapomwaga maji baharini karibu na Daraja la Salenda. Ya tatu huonyesha chanzo kwanza na matokeo baadaye, na hufaa mada kama mafuriko. Ya nne hugawa mada kwa vipengele vyake.

Yako ni ya vipengele: mazalia, kuuma, mgonjwa. Lakini kuna jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mpangilio wa hotuba nzima si lazima uwe ndio mpangilio wa ndani ya kila hoja. Hoja yako ya tatu, ya mgonjwa, iende kwa wakati: siku homa inapoanza, siku zinazofuata, kisha homa inaposhuka. Ukiipanga kwa vipengele (dalili, vipimo, dawa, hatari) utalazimika kumrukisha msikilizaji mbele na nyuma. Ukifuata siku za mgonjwa, kila mtu atakuwa anamwona mtoto wake kitandani na atajua yuko wapi katika maelezo.

Na hoja ipi itangulie? Mazalia yaanze, kwa sababu mtu akishajua mbu anazaliwa ndani ya uzio wake mwenyewe, ana sababu ya kusikiliza yaliyobaki. Kuuma kukae katikati kwa kuwa ni fupi na rahisi. Ya mgonjwa iwe mwisho, maana ndiyo inayookoa uhai na kinachosikika mwisho hukaa zaidi.

Sasa ndipo unaandika kiunzi. Hiki ni mifupa ya hotuba kwa sentensi kamili, na utakiandika kwa ajili ya kujipangia; siku ya mkutano hutakishika mkononi. Hoja kuu zipe namba za Kirumi, zilizo chini yake herufi kubwa, na maelezo ya hizo namba za kawaida. Kila ngazi isogee kulia kidogo. Hoja ya kwanza ingekuwa hivi:

I. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji yaliyo ndani ya mazingira yetu wenyewe.
   A. Hupenda maji yaliyotulia kwenye vyombo.
      1. Huzaliana kwenye vya kuhifadhia maji: ndoo, madumu, mapipa, matanki yasiyofunikwa.
      2. Huzaliana pia kwenye vilivyotupwa: matairi, makopo, vifuu vya madafu.
   B. Kumwaga maji peke yake hakumalizi mayai.
      1. Mbu hutaga kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hung'ang'ania hapo.
      2. Mayai yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Maji yakiyafikia tena, yanaanguliwa.
   C. Mzunguko huu unaweza kukatwa kila wiki.
      1. Kwenye joto, kutoka yai hadi mbu anayeruka huchukua kama siku 7 hadi 10.
      2. Kusugua kuta za chombo kwa brashi mara moja kwa wiki huyaondoa mayai kabla hayajafika huko.

Tazama kwa karibu. Kila mstari ni sentensi inayodai jambo. Ungeandika "Mazalia" tu, siku ya tatu usingekumbuka ulitaka kusema nini juu ya mazalia, na hapo ndipo mzungumzaji huanza kuzungukazunguka. Tena kila penye A pana B, na kila penye 1 pana 2. Kitu kimoja hakigawanyiki. Ukijikuta na A bila B, ama hiyo A ndiyo hoja yenyewe imejirudia kwa maneno mengine, ama kuna jambo bado hujalifikiria. Kisha jaribu kuweka neno "kwa sababu" au "yaani" kati ya mstari wa juu na wa chini yake. Kumwaga maji hakumalizi mayai, kwa sababu hutagwa ukutani. Inakaa. Mstari unaokataa kipimo hicho umewekwa chini ya mzazi asiye wake.

Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni la hoja zinazoingiliana. Mtu anaandika I. Kinga, II. Usafi wa mazingira, III. Vyombo vya maji. Hizo ni hoja moja iliyoandikwa mara tatu, na msikilizaji husikia mtu anayerudia tu. Ukiweza kuichukua B ya hoja moja ukaibandika chini ya nyingine bila mtu kushangaa, mipaka yako bado haijakaa.

Kwenye hoja ya pili usiwe na mengi: mbu huyu huuma mchana, zaidi asubuhi baada ya kupambazuka na jioni kabla jua halijazama, tofauti na wa malaria anayeuma usiku. Kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi, ingawa humfaa sana mtoto anayelala mchana.

Hoja ya tatu iandike kwa uangalifu kuliko zote. Homa ya dengi inafanana na malaria mwanzoni: joto kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho, viungo na misuli. Dalili huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu. Kwenye kituo cha afya mgonjwa atapimwa; kipimo cha malaria kikionyesha hana na homa ikaendelea, arudi, asijinunulie dawa za malaria dukani. Hakuna dawa inayoua virusi vya dengi. Mgonjwa hupumzika, hunywa maji kwa wingi, na kwa homa hupewa parasetamoli. Asipewe aspirini wala ibuprofeni kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu. Kisha funga kwa jambo ambalo watu wengi hawalijui: hatari kubwa huja homa inaposhuka, wakati familia inashukuru mgonjwa amepata nafuu. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, kutoka damu kwenye fizi au puani, kulegea kupita kiasi: yakionekana hayo, ni hospitali mara moja. Kabla ya mkutano mpe mganga wa zahanati yako hoja hii aipitie, na kando ya kila takwimu kwenye kiunzi andika ulikoitoa, ili mtu akikuuliza usibabaike.

Upande wa takwimu, moja kwa kila hoja ndogo inatosha, na uifunge kwenye maisha yao. "Siku 7 hadi 10" itasahaulika. "Ukisugua kila Jumapili, Jumapili ijayo unamkuta hajaruka bado" itabaki.

Kati ya hoja na hoja andika sentensi ya kuvukia, na uiandike neno kwa neno. Hapa ndipo hotuba nyingi hukatika, kwa kuwa mzungumzaji anajua amehama lakini wasikilizaji bado wako kwenye madumu. Sentensi nzuri hufunga ya nyuma na kufungua ya mbele kwa pumzi moja: "Tumeona mbu huyu anakozaliwa, sasa tuone anauma saa ngapi, maana hapo ndipo tunapomchanganya na yule wa malaria." Kusema "Kingine ni..." hakumvushi mtu.

Utangulizi uandike baada ya kiini, yaani zile hoja tatu, kukamilika, ingawa ndio utakaoanza nao. Huwezi kumtambulisha mtu ambaye hujakutana naye. Unahitaji mambo manne: kuvuta masikio, kuonyesha inawahusu vipi, sababu ya wewe kusikilizwa, na kutaja njia mtakayopita. Kwako ningeanza na dumu lenyewe. Lipindue hadharani, tone la mwisho lidondoke, uulize: "Maji yameisha. Je, na mbu wa dengi ameisha?" Subiri wajibu. Halafu sema kwamba wewe ni mhudumu wa afya wa mtaa huu, na kwamba utaeleza mambo matatu: anakozaliwa, anapouma, na namna ya kumhudumia mgonjwa. Kutaja njia hivyo wengine huona kunachosha, lakini kwa mtu asiye na ukurasa wa kurudi hiyo ndiyo ramani yake ya pekee.

Kumbuka pia itifaki. Kumtaja mwenyekiti, mtendaji, wajumbe, wazee na wageni mmoja mmoja huweza kumaliza dakika 2 kabla hujasema lolote. Salamu moja na "itifaki imezingatiwa" vinatosha, navyo vipangie sekunde 30.

Hitimisho lisizidi dakika moja. Toa ishara kwamba unamalizia, rudia hoja tatu kwa sentensi tatu fupi, kisha rudi kwenye dumu: chukua brashi, sugua ndani, liweke chini. Usiingize habari mpya hapo hata kama umeikumbuka ghafla. Ikiwa ni muhimu ilistahili kuwa kwenye kiini, na sasa haina sehemu ya kukaa.

Swali la muda linastahili nafasi yake. Ukipewa dakika 10, jenga hotuba ya dakika 8, kwa sababu vipaza sauti hukwaruza na watu huitikia. Utangulizi pamoja na salamu uwe dakika 1 na nusu, hoja ya kwanza dakika 2, ya pili dakika 1, ya tatu dakika 2 na nusu, hitimisho dakika 1. Hoja si lazima zilingane, ila ikionekana moja inataka sekunde 20 tu, iteremshe iwe hoja ndogo ya nyingine. Na usikopi hesabu ya maneno kwa dakika kutoka vitabu vya Kiingereza. Neno letu moja, kama "hatutawaambukiza", kwao ni sentensi nzima, kwa hiyo idadi yao itakupotosha. Soma kiunzi chako kwa sauti ya mkutanoni dakika 2, hesabu maneno, gawa kwa 2: hiyo ndiyo kasi yako.

Kiunzi kikikaa sawa, kigeuze kuwa dondoo. Kata manila vipande vitano vinavyoenea kiganjani: kimoja cha utangulizi, vitatu vya hoja, kimoja cha hitimisho. Andika upande mmoja tu, kwa maandishi makubwa, na uvipe namba pembeni kwa kuwa siku moja vitakuponyoka. Simu haifai, hujizima, meseji huingia, na juani kioo hakisomeki. Kadi ya hoja ya kwanza itakuwa na maneno haya basi: "VYOMBO – ndoo, dumu, pipa / tairi, kifuu. UKUTANI – onyesha mstari wa maji kwenye dumu. Makavu miezi. BRASHI – Jumapili. Siku 7–10." Chini kabisa, sentensi ya kuvukia ikiwa kamili. Sentensi ya kwanza ya hotuba na ya mwisho nazo ziandike kamili. Kwingine kote maneno ya kukumbushia yanatosha. Ukiandika kila kitu utasoma, na ukisoma macho yako yataondoka kwa watu.

Dumu lipange kwenye kiunzi kama unavyopanga hoja. Andika "ONYESHA" mahali pa kulishika na "WEKA" mahali pa kuliacha. Kifaa kikibaki mkononi, watu hukitazama chenyewe wakati umeshafika kwenye parasetamoli. Ukipata dumu jeupe, lichore mstari wa usawa wa maji kwa kalamu ya wino mzito ili hata waliokaa nyuma wauone.

Kufanya mazoezi, simama, na utoe sauti. Mara ya kwanza tumia kiunzi, mara zinazofuata kadi tu. Pima kila sehemu peke yake, maana ukipima jumla utajua umezidisha lakini hutajua wapi. Ukizidisha, toa hoja ndogo nzima. Kuongeza kasi ya kusema hakuokoi kitu.

Bado kuna jambo linalotokea sana kwenye mikutano ya mitaa: umejiandaa kwa dakika 10, mkutano umechelewa saa nzima, na mwenyekiti anakunong'oneza, "Dakika 5, dada." Jiandae nalo leo. Kwenye kadi zako weka nyota nyekundu kando ya kisichoweza kuachwa: mayai ukutani na brashi, kuuma mchana, aspirini na ibuprofeni, hatari homa inaposhuka. Ukiambiwa dakika 5, salimia, pindua dumu, taja njia, pita kwenye nyota tu, kisha malizia kama ulivyopanga. Maswali mwombe mwenyekiti mapema ayaruhusu kabla ya hitimisho lako, ili ukishajibu la mwisho usimame tena kwa dakika moja, urudie yale matatu, na usugue dumu watu wote wakikuangalia.